Kikao kilikuwa saa sita, mimi nikasikia saa tisa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mhasibu, nina mke na watoto wawili. Miezi minne iliyopita niliamka asubuhi nikakuta sikio la kushoto limeziba. Kulikuwa na mlio mwembamba usiokoma, na nilipoinuka kitandani nilipepesuka kidogo. Nikadhani ni maji ya kuoga, au mafua. Nikakaa siku kadhaa nikisubiri lizibuke. Lilipokataa nikaenda zahanati, nikachunguliwa haraka haraka, nikaambiwa kuna nta, nikapewa dawa ya kudondoshea. Nilidondoshea mpaka chupa ikaisha. Kizunguzungu kiliondoka chenyewe, mlio ukabaki, na sikio likabaki vilevile.

Kinachonisumbua, Shangazi, si kwamba sisikii. Nasikia! Ila sielewi. Nikiweka simu kwenye sikio la kushoto, sauti inakuja kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Najua kama ni mwanamke au mwanamume, najua kama amekasirika au anacheka, lakini neno silishiki. Sikio la kulia halina shida, na tukiwa wawili kwenye chumba kimya hakuna anayejua kama nina tatizo. Tukiwa watu watano mezani, nimekwisha. Wanacheka, nami nacheka, sijui tunacheka nini.

Mwezi uliopita bosi alipita upande wangu wa kushoto akaniambia kikao cha hesabu za mwaka ni saa sita. Nilisikia saa tisa. Nikafika saa tisa kasoro dakika chache, nimekumbatia mafaili, nikakuta viti vimerudishwa ukutani na mtu anafagia. Niliulizwa kama nimeanza kudharau kazi. Nyumbani nako mke wangu anasema nasikia ninachotaka kusikia. Ananisemesha akiwa kushoto kwangu, nisipomjibu ananuna hadi usiku. Nikiitwa nje, nageukia upande ambao hakuna mtu.

Juzi juzi nilijilipia kipimo cha usikivu. Karatasi niliyopewa ina mistari miwili, mmoja umepita juu, mwingine umeporomoka. Chini imeandikwa: kulia desibeli 15, maneno asilimia 100, kushoto desibeli 55, maneno asilimia 36. Aliyenipima alisema mashine ya kusikia huenda isinisaidie sana, "lakini unalo lingine zima, utazoea." Hakuongeza neno. Kaka yangu anasisitiza nidondoshee mafuta ya vuguvugu.

Naomba unieleze, kwa nini nasikia bila kuelewa? Je, ni akili inaanza kuchoka? Nifanye nini, na bosi nimwambie nini?

Wako, Sikio Moja

*

Marahaba mpwa wangu, na pole.

Kabla ya kukabidhiwa safu hii nilifanya kazi ya kupima usikivu kwa miaka mingi, kwa hiyo karatasi yako naisoma kama nimeishika mkononi. Kilichonikera humo si namba. Ni hilo "utazoea." Mtu aliyepoteza sikio moja ghafla, na anayeshika asilimia 36 tu ya maneno, haambiwi azoee kabla hajaambiwa kwa nini limetokea.

Nianze na lililo chungu, tulimalize. Usikivu wa sikio la ndani ukizimika ghafla, ndani ya siku 3 au pungufu, ni dharura, hata kama hakuna maumivu wala damu. Dawa inayotumika ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwa kawaida za kumeza, na matumaini huwa makubwa zaidi zikianza ndani ya wiki 2 za kwanza. Zisipofanya kazi, daktari anaweza kuingiza steroidi kwa sindano kupitia kiwambo cha sikio (ngoma ya sikio), na hilo hufanyika hata kati ya wiki ya 2 na ya 6. Wewe uko mwezi wa nne. Sitakudanganya, muda wa dawa hizo kwako umepita. Lakini pia usijilaumu, kwa sababu hata zikianzwa kwa wakati haziwaponyi wote, na wapo ambao sikio huwarudia lenyewe bila dawa yoyote.

Nimeyasema hayo zaidi kwa ajili ya msomaji ambaye ameamka leo na sikio limeziba, akaamua kusubiri. Wewe msomaji, funga midomo uvume "mmm" kwa sauti nzito. Kama ni nta au maji, mvumo utausikia zaidi upande ulioziba. (Huamini? Ziba sikio zima kwa kidole, uvume tena, utaona mvumo unahamia kwenye kidole.) Lakini mvumo ukikimbilia upande wa sikio zima, huenda tatizo liko ndani, kwenye sikio la ndani au mshipa wake. Daktari hufanya jambo hilohilo kwa kile chuma chenye meno mawili kinachogongwa kikalia, akikiweka katikati ya paji la uso. Kuvuma kwako hakuondoi haja ya kupimwa, kazi yake ni kukutoa kitandani. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo leo au kesho, udai kipimo cha usikivu, usikubali kutolewa na chupa ya matone bila kupimwa. Na kama pamoja na sikio kuna mdomo uliopinda, mkono uliolegea au ulimi mzito, usitafute daktari wa masikio, kimbilia chumba cha dharura.

Sasa nirudi kwako, Sikio Moja.

Asilimia 36 maana yake ni kwamba kati ya kila maneno 25 uliyosomewa, uliyarudia sawasawa 9. Na maneno hayo hayasomwi kwa kunong'ona. Yanaongezewa sauti mpaka yalipite lile shimo la desibeli 55 (ukubwa ambao sauti lazima iufikie ndipo sikio lako la kushoto lianze kuisikia), ili ijulikane sikio likipewa sauti ya kutosha litafanya nini nayo. Sikio la kiwango hicho mara nyingi hushika zaidi ya hapo. Linaposhika machache namna hii, tena upande mmoja tu, mpimaji makini hajiulizi tu kuhusu sikio, anajiuliza pia kuhusu mshipa wa fahamu unaobeba sauti kutoka kwenye sikio kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka ulifanye ni kurudi kwa daktari wa masikio na karatasi hiyo, umwombe picha ya MRI ya mishipa ya usikivu. Usiombe ya kichwa kwa jumla, taja mishipa ya usikivu.

Inatafutwa nini? Zaidi ya yote, uvimbe unaoweza kuota kwenye mshipa wa usikivu na mizani ya mwili. Ni nadra, na wengi wanaopigwa picha hiyo hukutwa hawana kitu. Uvimbe wenyewe si saratani, hausambai mwilini, na kwa kawaida hukua taratibu, milimita 1 au 2 kwa mwaka, mwingine haukui kabisa. Ukikutwa, njia ziko tatu, nazo ni kuuangalia kwa picha za mara kwa mara, kuupiga mionzi, au kuutoa kwa upasuaji. Sasa mbona tuutafute kama ni mpole hivyo? Kwa sababu ukiachwa ukawa mkubwa unabana mshipa wa uso na ubongo wenyewe. Ukianza kuhisi ganzi usoni, uso kulegea, au kuyumba unapotembea, usisubiri tarehe uliyopangiwa.

Ungeniambia kwamba usikivu unakuja na kuondoka, sikio linajaa, kisha dunia inazunguka kwa dakika 20 au kwa masaa na kukutapisha, ningefikiria ugonjwa wa Ménière. Barua yako haielekei huko. Matubwitubwi nayo huua sikio moja kimya kimya, hasa kwa watoto, na mzazi akaja kugundua mwaka mzima baadaye siku mtoto anapohamisha simu sikio. Na picha ikitoka safi, bila chanzo kujulikana, usishangae. Katika kupotea kwa ghafla, wengi chanzo chao hakijulikani.

Mafuta ya kaka yako waachie wapishi. Tundu la sikio linaishia kwenye kiwambo, na tatizo lako liko nyuma yake. Mafuta yakiwa ya moto yatakuunguza, yakiwa ya vuguvugu yatakulowesha tu.

Umeuliza kwa nini unasikia bila kuelewa. Hili napenda kulieleza, kwa sababu watu wa sikio moja huitwa wazembe, wenye kiburi au wajinga, na kosa ni la fizikia. Tuchukue hiyo saa sita na saa tisa. Tamka yote mawili polepole. Kinachosikika kwa nguvu ni irabu, i halafu a, na zinafanana kabisa. Kinachoyatofautisha ni s na t, sauti mbili dhaifu, nyembamba, zilizoko juu sana kwenye ngazi ya sauti, hasa s, ambayo nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Irabu ndizo zenye mshindo, na nguvu zao nyingi ziko chini ya hezi 1,000. Kwa hiyo sikio linaweza kupokea mshindo wote wa sentensi, likajua kuna mtu anaongea na amekasirika, lakini likakosa konsonanti, ambazo ndizo zinazotenga paka na taka, saka na shaka.

Hapo sijazungumzia kichwa chako. Bosi alisimama kushoto, sikio linalofanya kazi liko kulia, na kati yao kuna fuvu. Sauti nzito huzunguka kichwa bila shida. Zile nyembamba haziwezi, kichwa kinazikata. Kwa hiyo sikio lako zima lilipokea i na a zikiwa safi, s na t zikiwa zimechujwa, na ubongo ukajaza pengo kwa kubahatisha. Kesho yake bosi huyohuyo akisimama kulia, unamwelewa kila neno, naye anabaki na hakika kwamba unachagua lini usikie. Mke wako pia. Mwambie ahesabu mwenyewe mara alizonuna, alikuwa upande gani.

Na meza ya watu watano? Masikio mawili hayafanyi kazi kila moja kivyake. Sauti ikitoka kushoto hufika sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde, na huko kushoto huwa kubwa zaidi. Kwa tofauti hizo mbili ubongo hujua nani yuko wapi, kisha humfuata mmoja na kuwasukuma wengine pembeni. Sikio moja halina cha kulinganisha. Sauti zote zinaingia mlango mmoja zikiwa zimekumbatiana: msemaji, kijiko, feni, kicheko. Ndiyo maana pia ukiitwa nje unageukia upande mtupu. Kwa hiyo "unalo lingine zima" ni kweli ukiwa na mtu mmoja chumbani, kulia kwako, pasipo kelele. Nje ya hapo ni maneno ya mtu mwenye mawili.

Akili haijachoka. Akili iliyochoka isingepata asilimia 100 kulia. Uchovu unaousikia jioni baada ya vikao ni wa kubahatisha konsonanti kutwa nzima, na ni uchovu wa kweli, usiuonee haya.

Kuhusu vifaa, aliyekupima hakukosea kabisa, alikatisha tu maelezo. Mashine ya kawaida huongeza sauti, na sikio lako halikosi sauti tu, linaivuruga. Bado ningependa uijaribu kwa muda kabla ya kununua, kwa sababu wapo wanaofaidika, na sikio lisilolishwa sauti kabisa linaweza kuzidi kupoteza uwezo wa maneno. Ikishindikana, upo mfumo wa vipande viwili. Sikio bovu linavaa maikrofoni, na maikrofoni hiyo inarusha sauti bila waya hadi kifaa kidogo kwenye sikio zima. Bosi akisema kushoto, unamsikia kulia. Kingine hupitisha sauti kwenye mfupa wa fuvu hadi sikio zima la ndani, na hufanya kazi ileile kwa njia nyingine. Vyote viwili vinaondoa kile kizuizi cha kichwa, ila havikurudishii kujua sauti inatoka wapi, na kelele zikitoka kushoto vinakuletea nazo. Kifaa kinachoweza kurudisha usikivu upande wa kushoto wenyewe ni kipandikizi cha sikio la ndani, ambacho ni cha upasuaji na gharama kubwa, kinahitaji mshipa mzima, na hutegemewa kwa sikio lililoharibika zaidi ya lako. Usikimbilie huko kabla picha haijasomwa.

Kuna jambo la bure la kufanya leo. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Video na muziki hugawanywa kushoto na kulia, na upande wa kushoto umekuwa ukiupoteza wote kila unapovaa visikilizio. Mono inachanganya pande zote mbili na kukupa kulia. Lakini usipandishe sauti kufidia. Sikio la kulia sasa halina msaidizi. Kelele za desibeli 85 hazifai kuzidi masaa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, kiasi kwamba kwa desibeli 100 una dakika 15. Lipime kila mwaka, na siku likibadilika, hata kidogo, nenda siku hiyohiyo.

Barabarani usiamini sikio kukuambia gari liko upande gani. Geuza kichwa, tazama pande zote, kisha tazama tena kushoto. Kitandani, ukilalia sikio la kulia hutasikia kengele ya simu wala mtoto, kwa hiyo iweke simu itetemeke chini ya mto. (Nimewahi kuambiwa na mgonjwa kwamba tangu sikio moja lizime, koromo la mwenzake halimsumbui tena. Kila mtu na faida yake.)

Bosi mwambie mapema, kabla hujakosa kikao kingine, na umwambie kwa ufupi. Usimpelekee historia ya nta na zahanati. Sema hivi: "Bosi, sikio langu la kushoto limepoteza usikivu, niko kwenye vipimo. Siku ile nilisikia tisa badala ya sita. Naomba ukiniambia jambo uwe upande wangu wa kulia, na saa au namba zozote unitumie kwa maandishi." Mhasibu akiomba namba kwa maandishi hakuna atakayemcheka. Kwenye vikao wahi, uchague kiti cha pembeni ambacho ukuta uko kushoto kwako na watu wote kulia. Ukifika umechelewa ukawekwa katikati, hama bila kuomba radhi.

Acha pia kuitikia "ndiyo, ndiyo" usilolisikia. Hiyo ndiyo inayokuharibia jina, kuliko uziwi wenyewe. Wala usiulize "nini?", maana atarudia sentensi nzima kwa ukelele, na ukelele huongeza irabu, ambazo tayari unazo. Rudia ulichokishika, uulize kilichopungua: "Kikao cha hesabu, nimesikia. Ni saa sita ya mchana?" Mwombe mtu aseme polepole, uso wake ukiwa unauona. Midomo inakuonyesha mengi ambayo sikio halikupi, hasa zile konsonanti za midomo, p, b, m, f.

Nyumbani usimwandalie mke wako hotuba. Mwombe akae kushoto kwako, akusomee orodha ya maneno kwa sauti ya kawaida mkiwa mmewasha redio, wewe uyarudie bila kumtazama. Kisha ahamie kulia, asome orodha nyingine. Atakapohesabu mwenyewe uliyoyapata kila upande, mazungumzo yenu yatabadilika.

Picha ikishasomwa, niandikie wameona nini na wamekupangia nini. Na karatasi ya kipimo usiitupe wala kuiacha kwa mtu bila kubaki na nakala, kwa kuwa kila utakayemwona atataka kulinganisha vipimo vipya na hivyo vya sasa.